Uso Una Watu Wake

Ujumbe ulikuja kwa sauti, sekunde kumi na moja tu, wiki mbili kabla ya Ramadhani. "Dada, asalaam aleikum. Zile picha zangu bado unazo?" Sauti sikuitambua, na namba haikuwa na jina. Nilipompigia akajitambulisha kama wanavyojitambulisha maharusi wangu wote hata miaka ikipita, kwa rangi ya nguo ya kupambwa. Yeye alikuwa wa kijani cha zumaridi, mwaka 2019, ukumbi wa ngazi ndefu. Hapo nikamkumbuka hadi viatu. Nikamwambia ninazo, zote, wala asiwe na wasiwasi. Wanaonipigia baada ya miaka huwa albamu imelowa mvua au imebaki kwa wakwe, wanataka nakala nyingine.

"Basi nataka uzifute," akasema. "Zote. Na nataka niwepo ukizifuta."

Ndoa ilikuwa imevunjika. Eda ilikwisha zamani, na sasa kuna mtu mwingine amekuja kuposa. Hakueleza zaidi, na mimi si mtu wa kuuliza. Albamu alikwisha kuichoma mwenyewe uani kwa mamake, ukurasa mmoja mmoja. Alilolisema kuhusu hilo ni kwamba karatasi ya picha ikiungua inanuka vibaya, na harufu ilikaa kwenye leso yake siku mbili.

Usiku ule nikaishusha diski ya 2019 kutoka juu ya kabati. Kila mwaka nina diski yake, nimeuandika ubavuni kwa kalamu nyeupe. Nilidhani nakwenda kutafuta folda moja tu. Adhana ya alfajiri ilinikuta ningali mbele ya kompyuta, nimeupitia mwaka mzima.

Mwaka ule nilipiga harusi 31. Kwa mpigapicha wa kike hapa Mombasa, kazi haifuati kalenda ya ukutani. Inafuata mwezi wa mbinguni. Shaaban watu hukimbilia kuoza kabla ya mfungo, na mwaka ule Shaaban iliangukia Aprili. Ramadhani kamera inalala. Mfungo mosi simu zinaanza tena, na hadi mfungo tatu huna Ijumaa wala Jumapili yako.

Nikaha ni ya wanaume, msikitini, na huko kila mwenye kamera anaruhusiwa. Siku ya kupamba ni nyingine. Bibi harusi hukalishwa jukwaani nywele wazi, shingo wazi, dhahabu hadi kiunoni, hina imepanda mpaka juu ya viwiko, na mbele yake wanawake mia mbili au mia tatu waliovua mabuibui wakavaa walichokificha mwaka mzima. Mlangoni husimama mashangazi wawili wasiocheka. Kila simu inaingia kwenye mfuko, unapewa kikaratasi chenye namba. Mtoto wa kiume akishaanza kuota masharubu hapiti hata akilia. Ndani ya ukumbi ule jicho moja tu lina ruhusa ya kukumbuka, nalo ni langu.

Hilo lilinipa kiburi, nikiri. Nilijua kuipiga flashi darini ili nuru ishuke taratibu usoni. Nilijua kwamba zile taa za rangi za siku hizi, ikiwa ya kijani itamwangukia bibi harusi, atatoka kama aliyeopolewa baharini, kwa hiyo nilikuwa na urafiki maalumu na mafundi wa taa. Nilijua kusahihisha uso uliopakwa poda mpaka ukaachana na shingo. Nilidhani nalipwa kwa hayo.

Kisha ikaja Julai, mfungo pili. Shangazi wa bwana harusi mmoja alikuja hadi chumba changu cha kazi, akakaa bila kukaribishwa, akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa ya mwari wao, jukwaani, mikono wazi. Ilikuwa imeonekana kwenye simu ya mwanamume mmoja barazani, na huyo hakuwa nduguye wala jirani. Niliapa kwamba haikutoka kwangu. Niliapa haraka mno. Shangazi alipoondoka nikaitazama tena ile nakala aliyonitumia na nikaona mkufu ambao mimi mwenyewe niliupunguza mng'ao kwenye kompyuta. Kwa hiyo ilivuja baada ya kusafishwa, na baada ya kusafishwa haikwenda pengine ila kwa wachapishaji wa albamu niliokuwa nikiwapelekea kazi kwa flashi diski. Kijana wa pale, alipobanwa, alisema alikuwa akinakili kazi za wateja wote "kuchagua nzuri za kuweka dirishani".

Nilikwenda kwa mama yake bibi harusi na bahasha ya malipo yote waliyonipa. Hakuigusa. "Pesa hizi zitamvisha nguo?" aliniuliza. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nyumba tatu zilivunja miadi mwezi uleule. Mimi nikakopa kwenye chama, nikanunua mashine yangu ya kuchapisha, na tangu hapo picha ya mwanamke haitoki kwangu ila imekuwa karatasi mikononi mwa mwenyewe.

Wapo wanaosema haya yote ni mambo mapya, ukali wa dini uliokuja juzi, kwani zamani wanawake wa mji huu walipiga picha bila shida. Ni kweli walipiga. Miaka ya 1950 na 1960 studio ya Parekh ilikuwa mashuhuri hapa Mombasa, na watu wa kila kabila na dini waliingia humo na nguo zao bora, wakaegeshwa mbele ya pazia, wakaambiwa watazame kule. Nimeona picha za aina hiyo kwenye masanduku ya mabibi zetu, macho yamepakwa wanja, mkono chini ya kidevu kama mwigizaji wa filamu ya Kihindi. Lakini picha ile ilikuwa karatasi tatu. Moja kwa mamako, moja kwa mume, moja kwa shoga. Ungeweza kuhesabu kila moja iko kwenye sanduku la nani, na mkikosana ukatuma mtoto aifuate. Ya leo haina sanduku. Sidhani bibi yangu angeingia studio ile kama angejua uso wake utafika barazani kabla hajafika nyumbani.

Nusu ya wateja wangu waliletwa na mamangu. Alikuwa mchora hina, zaidi ya miaka thelathini, Kibokoni na kwingineko, na ncha za vidole vyake hazikuwahi kuwa na rangi nyingine. Ile rangi nyeusi ya dukani hakuitaka. Aliwahi kuona mkono wa msichana umevimba malengelenge kwa sababu yake. Yeye alikoroga hina yake kwa ndimu, sukari na chai ya rangi, akailaza usiku kucha. Maharusi walipenda kumuuliza kama ni kweli hina ikikolea sana ni dalili kwamba bwana atakupenda. "Ni dalili ya ndimu," alikuwa akiwajibu.

Hakukubali kupigwa picha. "Mikono piga, uso wacha," ndiyo yaliyokuwa maneno yake, na kwa kweli tangazo la bei zangu lilikuwa na mikono yake miaka yote. Nilidhani ni suala la mawaidha, kwamba alisikia sheikh fulani akakataza. Sikuwahi kumuuliza sawasawa mpaka zoezi la serikali la kusajili watu, Huduma Namba, lililoanza Aprili mwaka ule, katikati ya harusi za Shaaban. Ilivumishwa kwamba asiyejiandikisha hatapata huduma yoyote, hivyo nikampeleka kwenye foleni, mimi na mtoto wangu mgongoni. Tulisimama tangu saa moja hadi karibu adhuhuri. Ilipofika zamu yake kijana wa serikali akamwomba ashushe leso na atazame kijikamera. Akashusha, akatazama. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Serikali ishaniona. Wewe bado."

Nikamwambia si haki. Mgeni ambaye hata hatamkumbuka amepata, mimi bintiye nimenyimwa.

"Uso una watu wake, mwanangu. Yule kijana kalazimishwa, na mimi nimelazimishwa, tumetoka suluhu."

"Na mimi si mtu wako?"

"Wewe ni mtu wangu. Kamera yako si mtu wangu."

Nilicheka, nikalisimulia kazini kama kichekesho. Julai, baada ya yule shangazi kuondoka, nililikumbuka bila kucheka.

Mume wangu mwaka ule alikuwa Doha, dereva. Aliondoka mtoto hajatoka arobaini. Kila usiku nilimtumia picha, na sikutuma za ovyo. Nilimpigia mtoto karibu na dirisha, nuru ya jioni, kama kwamba ni kazi ya kulipwa. Aliporudi likizo mfungo tatu, siku ishirini na moja alizopewa, mtoto alikuwa na mwaka na miezi miwili. Alimtazama, akapiga ukelele, akajificha kwenye buibui la nyanyake. Kisha simu ikalia mezani. Mtoto akainyooshea kidole, akasema, "Baba." Mume wangu alitoka nje, akasema anakwenda kununua maji. Maji yalikuwepo. Siku iliyofuata nilimwomba azime simu wiki nzima, naye akaizima, na siku ya tisa mtoto akamkalia mapajani kwa hiari yake. Picha ya siku ile sina. Nilikuwa na kamera begani, nikaiacha begani.

Oktoba mvua zilianza na hazikujua kunyamaza. Kazi zilikuwa nyingi, sitazieleza. Nilipiga sherehe ya ofisi moja ufukweni Mama Ngina, palipokuwa pamefanywa upya kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, na ninachokikumbuka ni miguu yangu iliyolowa. Mamangu alianza kukohoa. Mfungo sita, wakati mji wote unasoma maulidi, tulimlaza hospitali, na siku ya tisa akafariki kabla ya jua kuchomoza. Tulimzika siku ileile baada ya alasiri, mvua ikiwa imetupa nafasi ya saa mbili hivi.

Dada yangu yuko Maskati, ameolewa huko. Hakuwahi ndege. Usiku aliniandikia maneno machache: nitumie picha yoyote ya mama, hata mbaya. Mwaka ule nilikuwa nimefyatua kamera zaidi ya mara elfu arobaini. Kamera yenyewe huhesabu. Nilitafuta kwenye simu, kwenye kadi, kwenye simu ya mume wangu. Kitambulisho chake, kile chenye picha nyeusi na nyeupe, tulikuwa tumekitoa asubuhi ile kwa ajili ya kuandikisha kifo, na nakala iliyobaki ilikuwa imetoka kwenye mashine yenye wino mwingi, uso mzima doa. Jamaa waliokuwa wamejaa ukumbini walinitazama. Shangazi mmoja, kwa upole wala si kwa kejeli, akasema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Nilimtumia dada yangu picha ya mikono. Alikaa siku tatu bila kunijibu.

Mwezi uleule wa msiba, Novemba, tarehe 8, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Ulinzi wa Data. Nina hakika siku hiyo sikusikia habari yoyote ila kikohozi. Nilikuja kuijua sheria ile 2023, klabu moja ya Nairobi ilipotozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye kurasa zake za mtandaoni bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuzikubalia. Wapigapicha wenzangu waliingiwa na hofu. Tukagawana karatasi za ridhaa za kutia saini. Ninazo, natumia, ni jambo zuri. Lakini karatasi ile humuuliza mtu siku ya harusi, akiwa na furaha, kama anakubali. Haimuulizi tena miaka sita baadaye. Sheria yenyewe ina akili kuliko karatasi zetu: inampa mtu haki ya kurudi na kusema, futa.

Na kufuta, kwa anayejua mambo ya kompyuta, ni neno la uongo kidogo. Ukibonyeza futa, kwa kawaida faili haliendi popote. Kompyuta inachofanya ni kuliondoa kwenye orodha yake na kuihesabu nafasi ile kuwa tupu, kama mwenye nyumba aliyetoa jina la mpangaji kwenye daftari huku mpangaji bado amelala ndani. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, fundi mwenye programu ya shilingi sifuri anaweza kumwamsha. Ndiyo maana siuzi kadi kuukuu, wala simpi mtu diski mbovu. Naivunja kwa nyundo.

Usiku ule wa kupitia mwaka, folda ya kijani cha zumaridi niliiacha iwe ya mwisho. Nilizipitia za ukumbini, kisha za siku ya hina, zilizopigwa nyumbani kwa kina bibi harusi siku mbili kabla. Hizi nyingi hazikuingia kwenye albamu. Zilikuwa mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera. Katikati yake kulikuwa na moja niliyoipa alama ya kukataliwa. Nililenga uso wa bibi harusi, lakini nyuma yake kabati lilikuwa na mlango wa kioo, na kioo kilikuwa kimenasa kiwiko changu. Picha mbovu, kwa macho ya 2019. Na ndani ya kioo, upande wa kushoto wa kiwiko, mamangu. Ameshika mrija wa hina, amenyanyua kichwa, anacheka mdomo wazi, pengo lake la juu linaonekana.

Nilikaa nayo muda mrefu. Kisha nikakumbuka kwamba nimeahidi kuifuta.

Nitasema kweli: ningeweza kuinakili nikanyamaza. Bibi harusi mwenyewe hakuwahi kuiona, asingejua kama imebaki. Nilifika hadi kutafuta mahali pa kuiweka. Kilichonizuia si sheria. Ni yule kijana wa wachapishaji wa albamu. Naye alichukua zile alizoziona nzuri tu.

Siku ya pili nikaenda kwa bibi harusi na diski, kompyuta na nakala ya akiba ambayo huwa naiweka kwa wifi yangu Likoni. Nilimweleza yote. Kwamba ziko mahali pawili, kwamba zipo mbichi na zilizosafishwa, kwamba kufuta kuna kufuta. Alishangaa. "Kumbe miaka yote hii niko Likoni," akasema. Tukaanza. Alitaka kuziona moja moja kabla hazijaondoka, na sikumharakisha. Mara alitabasamu, mara aliniambia, "Hii haraka." Ile ya kioo nikaiweka mwisho, nikamwambia ina nini.

Aliivuta karibu. "Huyu ndiye aliyenichora. Nilimuuliza hina yangu itakolea, akaniambia itakolea sana, usifurahi, ni ndimu." Akacheka peke yake, kisha akanyamaza. "Ningemsikiliza."

Tulinywa chai. Baadaye akasema, "Nikate mimi. Yeye mbakishe."

Nikamwonyesha kwamba kumkata kabisa haiwezekani; kwenye kioo mamangu ameshika mkono wake, na nikiuondoa mkono nitaondoa na vidole vya mama.

"Mkono hauna jina," akasema. "Na hina yenyewe ilitoka zamani."

Nilikata pale pale, mbele yake. Nyumbani nikachapisha nakala moja, ukubwa wa kiganja, kisha nikafuta na hilo faili. Kazi nyingine za mwaka ule nikazihamishia kwingine, na ile diski tupu nikaiamrisha ijiandike sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilichukua usiku kucha. Ya Likoni nayo vivyo hivyo. Dada yangu anakuja Agosti. Ameambiwa kuna kitu cha kuona, na kwamba sikitumi kwa simu. Alikasirika kidogo, kisha akasema hilo ni neno la mama kabisa.

Binti yangu sasa ana miaka saba. Nyanyake hamkumbuki. Jioni moja nilifunga mlango wa chumba, nikamkalisha kitandani, nikampa ile karatasi. Aliishika kwa kingo, kama nilivyomfundisha. Alilitazama pengo akacheka, akaulizia vidole vyekundu, akauliza kama ile ni damu. Kisha akaweka ncha ya kidole pale picha inapokomea.

"Anamchora nani?"

"Mkono wa mtu," nikamwambia.